Rangi Aliyoiona Nélida

Jumapili ile Evaristo alikuwa akikata mbavu za ng'ombe zilizotoka kwenye makaa, kisu kikameguka kama biskuti. Kipande kikabaki mfupani.

"Mke wangu," akasema, "unataka nibaki na meno mangapi?"

Nélida hakucheka. Kisu alikitengeneza mwenyewe, na hakikuwa cha kwanza kuvunjika mwaka ule. Alipotazama palipomeguka, aliona chembe kubwa kubwa kama chumvi ya mawe. Chuma kilikuwa kimeungua.

Karakana yake ilikuwa chumba cha kufulia nguo, nyuma ya nyumba. Mchana, mji mzima wa Tandil ukiwa umelala, aliziba dirisha kwa blanketi, akawasha tanuru la gesi alilolitengeneza kutoka kwenye mtungi mkuukuu wa gesi, akaingiza bapa la kisu. Gizani chuma kilianza kuota rangi. Kivuli kilipita ndani yake taratibu, kama samaki chini ya maji. Rangi ikifika pale alipoitaka, alilizamisha bapa kwenye mafuta ili likaze. Saa hizo hakujua kama yuko macho au anaota, na alizipenda kuliko visu vyenyewe.

"Nunua tanuru jingine la gesi, hilo limechoka," Evaristo alimshauri. Fundi mwenzake mmoja alimsifia chungu cha chumvi iliyoyeyushwa cha kupashia visu moto, lakini chumvi ile hulipuka ikidondokewa na tone la maji, na bomba la chumba kile halikuacha kuvuja. Lilibaki tanuru la umeme lenye kipimajoto.

"Sanduku lisilo na mwali," Nélida alinung'unika. "Nitakaa nalitazama kama friji?"

Wifi yake Ofelia, mfinyanzi, ndiye aliyemwambia, "Kabla hujanunua, njoo ujaribu kwenye tanuru langu la vyungu. Nalo ni la umeme."

Akaenda na bapa la kisu, wakaliingiza tanuruni. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka vilimani hadi uani kwa Ofelia. Walipokezana kibuyu cha chai ya yerba bila maneno mengi, tanuru likinguruma kwa chini kama paka, mpaka kipimajoto kikasoma nyuzi mia nane na kikatulia hapo. Ofelia akafungua mlango.

"Bado," Nélida akasema. "Rangi ya tofali tu. Mashine yako inakudanganya."

"Tofali? Wifi, mbona linawaka kama chungwa!"

Wakatazamana. Nélida akalishika bapa kwa koleo, akalizamisha. Lilipopoa akalipitishia tupa. Tupa ikateleza kama juu ya kioo: lilikuwa limekaza. Akalivunja kwa makusudi. Chembe za ndani zilikuwa ndogo sana, za kijivu, kama majivu yaliyochekechwa.

Akakaa juu ya gunia la udongo. Mwaka mzima alikuwa akingoja rangi ambayo macho yake hayakuweza tena kuiona kwa wakati, na chuma kikiungua mbele yake.

"Kumbe ni mimi."

"Si wewe, ni macho. Na macho yana daktari wake."

Aliagiza tanuru la umeme, refu na jembamba, la kutosha kisu kirefu. Fundi wa umeme akavuta waya mnene hadi chumba cha kufulia. La gesi alilibakiza kwa kufulia chuma tu, lile jipya likawa la kukikaza. Visu havikuvunjika tena. Lakini alisinzia mbele yake kwa upweke, kama mtu anayesubiri basi.

Majira ya baridi madaktari walimtoa mtoto wa jicho aliyekuwa akimfifishia rangi. Bandeji ilipofunguliwa, mashuka ya hospitali yalikuwa meupe mpaka akayaomba radhi moyoni yale ya kwake nyumbani, aliyodhani yamekuwa ya njano. Daktari alipomruhusu, aliziba dirisha na kuwasha tanuru la umeme. Alipofungua mlango wake, bapa lilikuwa chungwa bivu, lenye mwanga unaotembea pembeni. Akalitoa, akalishika hewani, akalitazama.

"Mke wangu, mafuta!" Evaristo akapiga kelele kutoka mlangoni.

Lilikuwa limeshapoa na kuwa jeusi. Nélida akacheka mpaka machozi, akalirudisha ndani, akavuta kiti karibu.