Chinchila wa Saluni

Wifi yangu ana saluni yenye viti vinne na madaktari kumi na wawili, yaani wateja wake. Mimi niliyesomea tiba ya wanyama miaka mitano huitwa mwishoni, wao wakishamaliza kutibu.

Mgonjwa alikuwa chinchila, mnyama wa jamii ya panya, mdogo kuliko sungura, mwenye manyoya laini ajabu. Wifi alikuwa amemweka kwenye kizimba katikati ya draya mbili za kukaushia nywele, apendezeshe duka. Sasa mnyama alikuwa anajitafuna. Ubavu mzima ulikuwa kama zulia lililoliwa na nondo.

"Wifi, mchome sindano apumzike," akaniambia, macho mekundu. "Anataka kujiua. Siwezi kumtazama."

"Nani kasema anataka kujiua?"

Wateja, kila mmoja na lake. Wa kiti cha kwanza alisema ni njaa. Wa pili, chawa. Wa tatu, aliyekuwa chini ya draya, alipaza sauti: "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole!" Huyu ndiye aliyeshauri mnyama aoshwe kwa shampuu, na kweli wakamwosha! Manyoya yale yamesongamana mno, yakilowa hayakauki upesi na ngozi huota ukungu. Chinchila huoga vumbi laini. Walipoona hakauki, wakamwelekezea draya. Mnyama wa milima ya baridi, ambaye hata joto la mchana linaweza kumuua! Nilitamani kumng'ata mtu.

Nikampima. Chawa hakuna, meno mazima, ngozi haina kidonda.

"Wifi, huku si kutaka kufa. Kasuku hujinyonyoa, mbwa hulamba mguu mpaka uchubuke, huyu hutafuna manyoya. Wengine huzaliwa na tabia hiyo, wengine wana maumivu. Wako ana kelele, joto, na kizimba ambamo hata kuruka hawezi."

"Kwa hiyo hataki kufa?"

"Hataki kufa. Anataka kutoka humu."

Akakaa chini. Nilimwonea huruma, kwa maana alikuwa akimlisha kwa mkono wake kila asubuhi kabla hata hajafungua mlango.

"Mimi nampenda, wifi."

"Najua. Ila hawezi kukaa hapa."

Alimbeba mwenyewe hadi kwenye gari langu, kizimba kimefunikwa taulo. Akachungulia ndani, kisha akanishika mkono.

"Wateja nitawaambia amekufa."

"Amekufa? Kwa nini?"

"Nikisema amepona kwako, wataniuliza kwangu alikosa nini."

Kwangu nilimpa chinchila chumba cha baridi, kizimba kirefu, nyasi kavu na bakuli la vumbi. Kufikia mwezi wa pili manyoya yakaota. Nikampigia simu wifi kumpa habari njema.

"Usinipigie kazini," akanong'ona.

Nyuma yake niliwasikia wateja bado wakimliwaza, na mmoja akisema kwamba yeye alijua tangu mwanzo, mnyama yule hakutaka kuishi.