Asilimia Thelathini na Moja Yangu Iliyoingia Kiwandani

Usiku wa jana niliota nimeitwa kikao cha wenye kiwanda.

Kiwanda chenyewe kinatengeneza chipu, yaani kale kadude kadogo kuliko punje ya ulezi kanakofanya simu na minara visikilizane bila waya. Serikali imeweka hela yetu sote humo, kwa hiyo sote ni wenyewe. Barua ndiyo ilisema hivyo. Ilijisoma yenyewe, kwa sauti ya mzee mwenye mafua.

Nafika, Mlango ananizuia. "Umma una asilimia ngapi humu?"

"Thelathini na moja."

"Basi ingiza thelathini na moja. Humu hatutaki vumbi, na binadamu ni vumbi tupu."

Sikubisha, maana ni kweli. Nikachagua kichwa, bega, na mkono wa kulia wenye simu.

"Na moyo?"

"Moyo ubaki na wenzake," Mlango akasema. Kiwiliwili changu kikakaa kwenye benchi nje, kimya, kama kinasubiri daktari.

Ndani ni ukumbi wa shule yetu ya msingi, ila mweupe. Kuna mama kaingiza miguu na sikio. Kuna bwana kaja na masharubu na mikono miwili, na anaheshimika sana. Mwenyekiti ni Feni ya mezani. Anageuka kulia, anageuka kushoto, haruki mtu.

"Ajenda ni moja," anasema Feni. "Chipu wa kwanza amekamilika. Aende uwanja wa mpira mjini, au aende mnara wa zahanati ya kwao Hemedi?"

Hemedi ni mimi.

Jamani, hapo mwili ulinisisimka, hata ule wa nje. Zahanati ile ni ya Shangazi Zamda, mkunga. Mtandao hakuna. Mjamzito akizidiwa, Shangazi anamwacha peke yake, anapanda kilima, ndipo aite gari la wagonjwa.

Chipu amelala kwenye kisosi. "Uwanjani kuna watu elfu arobaini," anasema. "Nimechomwa kwenye tanuri mara mia tatu. Leo nikaongee na mbuzi?"

"Mbuzi wana adabu kuliko mashabiki," masharubu yakamjibu.

Simu yangu ikaita. Shangazi.

"Hemedi, baba! Niko kilimani. Mwajabu kazidiwa, nimemwacha na taa tu. Nitafutie gari! Na usikate, nikishuka hapa sikupati tena."

"Sikati, Shangazi."

"Tupige kura," akasema Feni.

Mikono ikapanda. Uwanja, tisa. Zahanati, tisa. Miguu ya yule mama nayo ikapanda, ikakataliwa kwa heshima.

Nikanyoosha wangu. Feni akaacha kugeuka, akanitazama mimi tu. "Una kitu. Kura ni mkono mtupu."

"Mkono ninao mmoja tu humu."

"Tunauona."

Kule nje kwenye benchi nikausikia moyo wangu ukidunda, mbali, kama wa mtu mwingine.

"Shangazi, nakata."

"Wewe! Hemedi, nakuomba, usini..."

Vidole vyangu havijui kuachia simu. Vikajifunza palepale, kimoja kimoja, cha mwisho kidole gumba. Simu ikaanguka bila kishindo. Nikanyoosha mkono mtupu.

"Zahanati, kumi," akasema Feni, akaanza tena kugeuka.

Chipu akashusha pumzi. "Haya. Ila huko juu mnipe sweta."

Nikaamka. Jua limeshatoka. Mkono wa kulia uko juu, umekufa ganzi, hauna kitu. Simu niliikuta uvunguni, ina ujumbe wa sauti kutoka kwa Shangazi Zamda.

"Wewe mtoto, kunikatia simu namna ile! Nimeshuka kilima nalia. Ngoja tuonane. Mwajabu mzima, anakunywa uji. Sasa nyamaza umsikilize mwenzio, nimempakata hapa hapa wodini."

Nikafungua orodha ya simu zilizoingia. Usiku kucha hakuna aliyenipigia.

Nikaurudia ujumbe. Mtoto akalia mpaka mwisho, waziwazi, bila kukatika hata mara moja.