Mwanya wa Kukhu

Mimi ni mtu wa kusema jambo likaisha. Ndiyo maana mwalimu wa Nasipwondi aliponiambia kwamba madaktari wa meno walikuja shuleni, wakamkagua mtoto wangu na kusema apelekwe kliniki, huenda akahitaji nyaya za meno, nilimjibu pale pale langoni.

"Mwalimu, huyu mtoto ana mwanya. Mwanya ni ugonjwa tangu lini?"

Nilikuwa na haki ya kuuliza. Kazi yangu ni kusuka nywele hapa Kianda, Kibera, na wanawake wakikaa kwenye kiti changu hutoa yote ya moyoni. Nimewasikia wakilia kwa sababu ya waume, mawifi na visigino vilivyopasuka. Sijamsikia hata mmoja akilia eti ana mwanya. Wanaoulilia ni wale walionyimwa.

Tena mwanya wa Nasipwondi ulikuwa na mwenyewe. Mama mkwe wangu, ambaye wajukuu walimwita Kukhu, ndiyo nyanya kwa Kibukusu, alifariki kabla mtoto hajazaliwa. Mtoto alipozaliwa alilia bila kupumua, titi hataki, maji hataki, mpaka wazee wakaanza kumtajia majina ya marehemu wa ukoo mmoja baada ya mwingine. Lilipotajwa la Nasipwondi, jina la Kukhu, akanyamaza na kushika titi. Kazi ikaisha. Jina la Valary tulilompa kanisani limebaki la darasani tu. Baba yake, Morris, tangu siku hiyo humwita Mayi, yaani mama, na humwita hivyo hata akimtuma chumvi.

Sasa fikiria meno ya utoto yanang'oka, ya ukubwa yanaota, na katikati ya yale ya juu unakaa mwanya wa Kukhu, upana ule ule. Morris ni fundi wa milango, mtu mgumu asiyejua kubembeleza. Siku hiyo alimbeba binti yake mabegani akampitisha plotini kote, mlango hadi mlango, kama kombe la mpira. Kila mgeni aliyefika kwetu alianza na salamu, kisha, "Mayi, hebu cheka tuone." Nasipwondi anacheka. Wageni wanapiga makofi.

Hata roho ilikuwa ya Kukhu. Kijijini kwao Morris, yule mama alijulikana kwa kugawa. Ukimpa hindi la kuchoma, analikata katikati kabla hajalionja, anakupa kipande kikubwa, na hicho kidogo kinaishia kwa mtoto mwingine. Nasipwondi alikuwa hivyo hivyo. Anaguguna mistari miwili ya hindi, linalobaki anampa Murunga, ndugu yake mdogo. Muwa kwa Murunga. Nyama kwa Murunga. Murunga alinenepa, na mama mwenye nyumba wetu, Bakhita, Mnubi ambaye nyanya yake alizaliwa papa hapa Kibera, alikuwa akisema, "Rachael, huyu mtoto wako ana moyo wa watu wa zamani." Nami nilikuwa nikivimba kwa sifa kama andazi ndani ya mafuta.

Basi nilikwenda kliniki nikiwa nimeshajua nitakachosema. Ulikuwa mwaka wa mvua ile ya El Nino. Tulitoka nyumbani na gamubuti, viatu vyetu vya heshima tukavibeba kwenye mfuko, tukavibadilisha tulipofika lami. Kliniki yenyewe iko mjini, pale wanapofunzwa madaktari wa meno. Tulipokewa na kijana mmoja mpole, Daktari Muia. Sikumpa nafasi ya kufungua mdomo.

"Daktari, nimekuja kwa heshima tu. Huyu mtoto hatutamziba mwanya. Ni wa nyanya yake."

"Nani amekwambia tunaziba mwanya, mama?"

"Shule."

Alicheka. Akamwinulia Nasipwondi mdomo wa juu kwa kidole, akachungulia. "Miaka minane, mwanya kama huu haunipi shida. Chonge bado hazijatoka. Zikitoka unaweza kupungua kidogo, ama ubaki hivi tu. Akiwa mkubwa akitaka kuuziba, ataamua yeye. Saa hii hatuugusi."

Nilichukua mkoba wangu. Nilikuwa nimeshinda, na mimi napenda kushinda.

"Ngoja kidogo, mama," Daktari akasema. "Sasa Valary, hebu uma. Fungia meno ya nyuma pamoja."

Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwambia mtoto yule aume. Sote tulimwambia acheke. Nasipwondi akafunga meno, na nikaona kidevu chake kikihepa kwenda kushoto, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye uchochoro.

Daktari alinionyesha kwa kioo. Jino la juu, la pili kutoka kwenye mwanya upande wa kushoto, lilikuwa limeota nyuma badala ya mbele. Kila mtoto akiuma, linagongana na la chini, basi taya linaenda upande kutafuta pa kukaa. Lile la chini lilikuwa limeanza kusukumwa nje. Fizi yake ilikuwa imeshuka, na Daktari alipoligusa, likacheza.

"Hili ndilo halingoji," akasema. "Tukiliacha mpaka awe msichana mkubwa, taya litakua likiwa upande, na hili la chini tutalipoteza. Tukianza sasa, mifupa bado laini, ni kitu kidogo. Si zile nyaya za kubandikwa meno yote. Ni kipande cha plastiki cha kuvaa kwenye kaakaa, kina waya mdogo unaosukuma hilo jino moja mbele. Miezi kadhaa, basi."

Mimi sinunui hata kitana bila kukikunja kwanza. Nilimuuliza kama kitu hicho kitamzuia kusema. Wiki ya kwanza atatema mate, akajibu, kisha atazoea. Nilimuuliza kuhusu mwanya. Utabaki. Nilimuuliza nani mwingine anasema hayo, maana yeye bado ni kijana. Hakukasirika. Alimwita mwalimu wake, mama mmoja wa makamo mwenye miwani, naye akaangalia, akamwambia mtoto aume, akasema, "Anza mapema," akarudi kwa wagonjwa wake.

Pale pale nikaamua. Lakini mtoto ni wa wawili, na mimi sipitishi kitu mlango wa nyuma. Tulitoka mjini tukaenda moja kwa moja Kabiro, kule Kawangware, kwenye kibanda ambamo Morris hutengenezea milango.

Alinisikiliza huku akipiga randa. Nilipofika kwenye neno waya, randa ikasimama.

"Zii," akasema.

"Morris, mwanya hawaugusi. Ni jino moja tu la pembeni."

"Waya ni waya. Leo wanasukuma jino moja, kesho wamesukuma yote, mwanya umeisha. Huo mdomo si wako, Rachael. Ni wa Mayi."

"Ni wa mtoto."

"Ni wa Mayi!" Akapiga randa tena, maranda yakaruka mpaka kwenye viatu vyangu vya heshima.

Hasira zilinipanda, sitadanganya. Lakini nilimtazama yule mtu na vumbi lake la mbao kwenye nyusi, nikanyamaza, jambo ambalo silifanyi mara nyingi. Morris hakuwa na picha ya mama yake hata moja. Nyumba ya kijijini ilipoungua, picha zote ziliungua nayo. Mwanya ule ndio picha aliyobaki nayo, na mimi nilikuwa nimekuja kumwambia kwamba watu wa mjini wataingiza waya ndani yake. Nilimwelewa vizuri sana. Sikumkubalia.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, mvua ilitupa nafasi. Nilinunua mahindi ya kuchoma kwa mama wa pale njiani, nikachagua makavu kidogo, yale yanayotaka meno. Tuliketi nje mlangoni, Bakhita naye akavuta kigoda chake. Kila mtu alipata hindi lake. Nikamtazama Nasipwondi.

Nasipwondi alianza kwa pembeni, kichwa amekilaza upande. Akaguguna mstari mmoja, akaguguna wa pili, kisha akamnyooshea Murunga. Murunga hata hakusema asante, maana ulikuwa mshahara wake wa siku zote.

"Unaona?" Morris akaniambia kwa kiburi, mdomo umejaa. "Mayi kabisa. Hajali tumbo lake."

"Kabisa," akaitikia Bakhita.

"Baba Nasi," nikasema, "Kukhu mwenyewe alikuwa anakula saa ngapi?"

"Nini?"

"Mahindi aligawa. Muwa aligawa. Nyama mnasema aligawa. Wewe ulikuwa unaishi naye. Ulimwona akimaliza hindi zima?"

Alicheka, akafungua mdomo anijibu. Kisha akatazama hindi lililokuwa mkononi mwake, akalizungusha.

"Alikuwa anapukuchua," akasema polepole. "Anapukuchua kwa kidole gumba, anatugawia sisi. Anasema ameshiba." Akagusa shavu lake. "Jioni alikuwa anafunga shavu na leso. Anasema ni baridi."

"Na mwishoni?"

"Mwishoni alikuwa anakunywa uji tu. Miaka mingi, Rachael. Uji tu."

Bakhita aliacha kutafuna.

Morris aliweka hindi lake chini, juu ya gunia. "Mayi, kuja hapa." Nasipwondi akaja akasimama kati ya magoti yake na kuanza kucheka, kwa sababu hilo ndilo aliloombwa siku zote.

"Usicheke. Uma."

Aliuma. Kidevu kikaenda kushoto. Morris akamwambia afungue, kisha aume tena, akamtazama kama anavyotazama mlango unaogoma kukaa kwenye fremu. Aliweka kidole kwenye jino la chini, polepole sana, na likacheza. Nasipwondi akarudi nyuma, macho yakajaa machozi.

"Inauma?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Tangu lini?"

"Tangu kitambo."

"Na mbona hukusema, mama?"

Nasipwondi alitutazama, mmoja mmoja. "Nikimpa Murunga mlikuwa mnafurahi," akasema.

Nimesuka watu wengi na kusikia mengi, lakini sijasikia neno lililoniuma kama hilo. Morris aliinuka, akaenda mpaka ukingo wa mtaro, akasimama akitazama maji yakipita. Aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu na sauti yake ilikuwa ya kawaida.

"Hiyo kliniki hufunguliwa saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Sitaenda Kabiro kesho. Nitampeleka mimi."

Na alimpeleka. Nilifuata nyuma, nimebeba mfuko wa viatu. Alimuuliza Daktari Muia maswali yangu yote upya, kama vile sikuwahi kuyauliza, nami nikamwachia. Siku ya kuchukua ile plastiki, aliishika mkononi muda mrefu. Ilikuwa ya rangi ya ufizi, imelingana na kaakaa la mtoto kila mkunjo, na ule waya mdogo umepindwa vizuri. "Hii ni kazi safi," akamwambia Daktari, na kwa Morris hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote.

Wiki ya kwanza Nasipwondi alitema mate kweli. Wiki ya pili alikuwa akitoa kile kitu kwa ulimi kuwatisha wateja wangu. Wageni walipofika na "hebu cheka tuone," Morris aliwakatiza: "Mtoto anatengenezwa. Mtaona baadaye." Mvua ikaisha, matope yakawa vumbi, na siku moja Daktari Muia akamwambia aume, akauma, na kidevu hakikwenda popote. Jino lilikuwa limevuka mbele. Fizi ya chini imetulia. Mwanya ulikuwa pale pale katikati, kama haukuwahi kuhusika.

Tulipotoka kliniki siku hiyo, sikusema, "Nilisema nini?" Niliwaacha waone wenyewe kwamba sikusema.

Jioni mapema nilinunua mahindi kwa mama yule yule, makavu kidogo. Tuliketi mlangoni, Bakhita na kigoda chake. Nasipwondi alilishika hindi lake kwa mikono miwili, akaliuma katikati, mbele kabisa, kwa meno yote. Mstari mmoja, wa pili, wa tatu. Murunga alimaliza lake haraka, akanyoosha mkono kama kawaida yake bila hata kumtazama.

Nasipwondi akamgeuzia mgongo. "Zii. Nunua yako."

Murunga aliangua kilio.

"Ala!" Bakhita akashtuka. "Na ule moyo wa Kukhu umeenda wapi?"

Morris alimpa Murunga hindi lake mwenyewe, zima, hajaligusa. Kisha akaweka viwiko magotini akamtazama binti yake akila, machozi yanamshuka na hayafuti. Nasipwondi alisita, hindi mdomoni, asijue kama amekosea.

"Kula, Mayi," akamwambia. "Kula yote."