Kisima cha Ofisini

Mwanzoni kikundi cha redio kilikuwa cha mchanganyiko, wanaume kwa wanawake, kama ilivyoagizwa kutoka wilayani. Kila Jumanne alasiri walikaa darasani, wakasikiliza kipindi, kisha wakajadili. Na kujadili kwenyewe kulikuwa hivi: wanaume sita wanasema, wanawake kumi wanaitikia. Apolinaria, aliyepewa uandishi kwa sababu alisoma kwa masista hadi darasa la saba, alijaza kwenye fomu majina ya waliochangia. Kwa miezi miwili hakuandika jina la mwanamke hata mmoja, wala lake mwenyewe.

Kisha tumbaku ikaiva. Wanaume wakahamia mabanini kuikausha, redio ikabaki na wanawake watupu. Jumanne ya kwanza walikaa kimya kwa mazoea tu, wakisubiri sijui nani aanze. Jumanne ya pili mtangazaji alipokuwa akieleza jinsi ya kuteka maji safi, Mwamvita, mke wa mwenyekiti wa kijiji, akamkatiza kama aliyekaa naye jamvi moja: "Mwongo huyu! Lini amebeba ndoo?" Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Tangu siku hiyo ilikuwa kazi kumnyamazisha mtu. Apolinaria aliishiwa nafasi kwenye fomu, akawa anaandika pembeni na nyuma ya karatasi.

Mwaka ule kijiji kiliahidiwa kisima, kimoja tu, na hilo ndilo likawa jambo lao. Kijiji kilikuwa kipya, mwendo wa saa mbili kutoka stesheni ya Tura, na wanaume walikwisha kuamua moyoni kwamba kisima kitachimbwa mbele ya ofisi, kando ya barabara, ili mgeni akishuka kwenye Landrova akione. Wanawake waliijua ile ardhi ya ofisini. Ni kichanga juu na mwamba chini. Maji yalikuwa mbugani, kule bondeni, chini ya shamba la mpunga la mzee Ambrosi, baba mkwe wa Apolinaria, pale walipopumzika wapagazi wa zamani wakitoka pwani. Kiangazi udongo wa pale hupasuka, ukadhani pamekufa, lakini ukifukua kina cha mkono maji yanachimbuka hata mwezi wa kumi. Wao ndio waliofukua. Walichota tope, ng'ombe nao wakanywea humo humo, na watoto wakaharisha.

Apolinaria hakuhitaji kufundishwa hilo na redio. Kornel wake alikuwa na mwaka na nusu. Aliharisha Jumatatu, Alhamisi wakamzika. Sasa alikuwa na Pelagia, wa miezi mitatu, na kila alipomwogesha alihesabu miezi iliyobaki kabla ya kiangazi kukolea. Alikitaka kile kisima kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote duniani.

Kwa hiyo akaandika. Aliandika vizuri, kwa mwandiko wa masista, mahali, sababu, na kina cha maji kwa kila mwezi. Jina la mkwewe, ambalo hajalitamka tangu aolewe, alilichora pale kwenye karatasi bila wasiwasi wowote. Wenzake wakamwambia kama ataulizwa ajibu mwenyewe, wakamfanyisha mazoezi Jumanne tatu mfululizo. Mwamvita alijifanya mzee Ambrosi, akakohoa kama yeye, akauliza maswali ya kikorofi, na Apolinaria alimjibu moja baada ya jingine huku wenzake wakipiga makofi. Ila hapakuwa na mwanamume humo ndani, na hakuna aliyelifikiria hilo.

Siku ya mkutano wanaume walikaa kwenye mabenchi, wanawake chini upande wa kushoto. Bwana maji kutoka mjini alikuwepo, na saa yake mkononi. Katibu akasoma maoni ya Kikundi Namba Mbili, ndicho chao. Alipomaliza, wanaume walitazamana kwa heshima.

"Huyu kasoma!" mmoja akasema. "Ni nani huyu?"

"Maelezo mazuri sana," bwana maji akasema. "Aliyeandika asimame, nina swali moja."

Kabla hajasimama mtu, mzee Ambrosi akanyanyua mkono. Hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Alisema alichokijua. "Bwana mkubwa, shamba hilo nalilima mimi. Nikishavuna mpunga, mwezi wa saba, pale ni pakavu, udongo umepasuka. Maji hakuna."

"Basi mwandishi atujibu. Yapo au hayapo?"

Apolinaria alisimama. Jibu alikuwa nalo lote kichwani. Mzee Ambrosi akageuka amwone anayempinga ni nani, macho yao yakakutana, na magoti ya Apolinaria yakakunjika yenyewe, kama yalivyokunjika kila siku mbele ya baba mkwe tangu siku ya harusi. Akajikuta amepiga magoti, ameinamisha uso. Kutoka pale chini, kumwambia mkwe "si kweli" mbele ya watu ilikuwa ni kumvua nguo.  

Alimtupia jicho Mwamvita. Mwamvita, mwenye maneno yasiyokwisha, alikuwa akivuta nyuzi za upindo wa kanga yake. Mumewe, Shomari, alikuwa kwenye kiti cha mwenyekiti.

"Mke kafunzwa huyu," sauti moja ya kiume ikasema, kwa kumsifu kabisa.

"Mkamwana ameomba radhi," Shomari akasema. "Yamekwisha. Tuendelee."

Katibu akaandika kwamba wamekubaliana wote kisima kichimbwe mbele ya ofisi. Wanawake wakapiga makofi pamoja na wengine. Apolinaria naye akapiga.

Kisima cha ofisini kilitoa maji mpaka katikati ya Agosti, kisha pampu ikaanza kupiga miayo. Mitambo ya kuchimbia ilikuwa imekwisha kwenda upande wa Sikonge na zamu ya kijiji ilikuwa imepita. Wanawake wakarudi mbugani na vibuyu vyao, wakafukua.

Mwezi wa kumi ng'ombe wa mzee Ambrosi walimponyoka, akawafuata hadi mle mbugani ambamo hakuwahi kukanyaga kiangazi. Alirudi mbio, amelowa tope magotini. Apolinaria alikuwa uani, amempakata Pelagia, aliyekuwa akiharisha kwa siku ya pili na sasa hata kulia alikuwa halii kwa nguvu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwanangu, maji yapo kule! Kina cha mkono tu! Yapo siku zote?"

"Yapo, baba."

Mzee alimtazama mjukuu wake, akatazama ule mtungi wa maji ya tope, na Apolinaria akamwona anavyoelewa, taratibu.

"Sasa, mwanangu," akasema, na hakuwa na hasira hata kidogo, "kama ulikuwa unajua, mbona hukuniambia?"

Apolinaria alitafuta jibu ambalo mkamwana anaweza kumpa mkwe. 

"Nilisahau, baba," akasema.