Nikumbushe Baadaye

Spika tatu za Sosthène bado ziko nyumbani kwetu Kasese: moja sebuleni, moja chumbani, na ya tatu juu ya mlango wa jikoni. Mume wangu alizinunua Kampala, akazipeleka Butembo, kwetu Kongo, kuuza, akarudi nazo. Watu wa Butembo si wajinga. Spika isiyopokea flashi wala kushika redio, inayotaka intaneti asubuhi na jioni kama mtoto anayenyonya, nani ataitaka? Kibaya chajitembeza, akasema. Nikamwambia basi kijitembeze humu humu ndani.

Akazipenda kuliko alivyonipenda mimi, au ndivyo nilivyomtania. Kwenye programu ya simu kulikuwa na kitufe: anakibonyeza popote palipo na intaneti, anasema, na sauti yake inatoka vyumba vyote kwa pamoja. Akiwa safarini hakunipigia simu tena. Nimeinamia sufuria, nasikia juu ya kichwa changu: "Martine, weka maji ku moto. Niko napita Kikorongo." Nayaweka. Anafika, anaingia jikoni akiinama, maana mlango ule ni mfupi na ulikwisha kumpiga paji la uso mara nyingi. Anaoga, tunakula.

Safari yake ya mwisho alipeleka mali Butembo. Gari lao lilichomwa moto njiani, huko upande wa Beni. Waliokufa walitambuliwa na ndugu zao wakazikwa. Yeye hakuwemo, wala hakuwemo miongoni mwa waliopona. Tangu hapo nikipiga namba yake, mwanamke wa mtandao ananiambia hapatikani. Lakini kwenye programu ya spika jina lake lilikuwa bado lipo chini ya langu: Simu ya Sosthène. Lilikuwa la rangi ya majivu, ila lilikuwepo. Spika hazikuwahi kuniambia kwamba hapatikani.

Sikulia. Watu walinishangaa. Nilipika, niliuza vitenge vyangu sokoni, nilienda misa, na ndani nilikuwa nimepoa kama uji uliolala.

Kaka yake, Ezéchiel, anakaa Bwera. Katika ukoo wao mtu asipopatikana haachwi hivi hivi bila kaburi. Unakatwa mgomba wa urefu wake, unavikwa shati lake, unazikwa kwa sala, na matanga yanaisha. Lakini mgomba haukatwi mpaka mke aseme, na mke ndiye anayetoa kipimo. Kila Jumapili Ezéchiel alinipigia kuuliza kama niko tayari. Nilimjibu, baadaye, shemeji. Hakunigombeza hata mara moja, na hilo ndilo lililonichosha.

Ndipo ikaja apdeti. Programu iliandika, kwa Kifaransa cha adabu sana, kwamba spika zinahitaji apdeti, na zikishaipata, simu za zamani hazitaunganishwa nazo tena. Simu ya Sosthène ilikuwa kuukuu, kioo kimepasuka. Mtu yule hakujua kutupa kitu. Chini palikuwa na vitufe viwili: Sasa, na Nikumbushe baadaye. Cha Hapana hakikuwepo. Siku hiyo nilikasirika. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa nimesahau hasira ilivyo. Nani aliwakaribisha nyumbani kwangu waje kunipangia? Nikabonyeza baadaye. Kesho yake ikarudi. Basi nikawa na wawili wa kunikumbusha, shemeji na spika, na wote niliwapa jibu moja.

Halafu vile vitufe vikaondolewa. Programu ikaandika kwamba apdeti itaingia yenyewe, data ikitosha. Kuzima intaneti nisingeweza: Sosthène akibonyeza kitufe huko aliko, atasemea wapi? Nikajitafutia dawa. Nikawa naweka data kidogo tu, ya kupitisha sauti ya mtu, isiyotosha apdeti. Apdeti ikianza kushuka, data inakwisha, inakwama. Nanunua nyingine kidogo. Niliishi hivyo, nikiilisha mashine ili isishibe. Sikumweleza mtu. Ningeeleza nini?

Faruku ni jirani yangu ukuta kwa ukuta, dereva wa lori njia ya Mpondwe. Laini yangu ya intaneti imesajiliwa kwa jina lake, maana kwetu Wakongomani kusajili laini Uganda ni kesi. Kila Idd huniletea nyama, nami Krismasi nampelekea mandazi. Idd hii alileta nyama, akaenda zake. Kumbe alikuwa ameniona jioni zote nikisimama kibandani kununua data ya kitoto, akanihurumia, akaijaza ile laini data ya mwezi mzima bila kunieleza. Tenda wema nenda zako, na Faruku ni mtu wa kufuata methali.

Nilikuwa naosha ile nyama jikoni. Spika ya juu ya mlango ikatoa mlio wa furaha, za sebuleni na chumbani zikaitikia. Mwanamke akasema kwa Kifaransa kwamba kila kitu kiko tayari. Nilinawa mikono, nikafungua programu. Simu ya Martine. Chini yake hapakuwa na kitu.

Nilikwenda kwa Faruku kumuuliza kama ni yeye aliyeijaza laini, nikamkuta na kanzu yake, anakula na mkewe. Aliposikia kisa kizima aliacha kula.

"Mama, mimi nilifikiri shida yako iko data tu," akasema.

"Haiko kosa yako, Faruku. Ile kitu ingekuya tu."

Nilisema kweli. Nilitafuta hasira ya kumpa, nikaikosa.

Nikarudi jikoni, nikampigia Ezéchiel. Haikuwa Jumapili, kwa hiyo alipokea kwa hofu.

"Shemeji," nikamwambia, "mukate mugomba."

Akasema kwa upole, "Aksanti, shemeji. Basi utume kipimo yake."

Nikachukua uzi ninaofungia vitenge. Nilipanda juu ya kigoda, nikaunyoosha kutoka sakafuni hadi kwenye ubao wa juu wa mlango, pale alipokuwa akiinama. Nikaongeza upana wa kiganja, kwa ajili ya paji lake la uso, nikafunga fundo. Niliposhuka nikaunyanyua, fundo lilikuwa juu kuliko kichwa changu, kama alivyokuwa yeye.

Ndipo nikalia. Nililia kwa sauti mpaka Faruku na mkewe wakaja, wakanikuta nimeketi kizingitini na uzi mapajani, nauviringisha taratibu usije ukapungua.