Gauni Ambalo Halijaisha

Wateja wangu wengi hawajui wanachotaka, na wakikijua ndipo wanapozidi kuwa kero. Huyu alijua kila kitu. Alileta picha ya mkewe, akasema amepotea, anataka mabango ya kubandika mitaani. Nikampa pole. Akavuta kiti, akaanza kunifundisha kazi.

Nilikuwa nimeandika AMEPOTEA kwa fonti nene, isomeke hata na mtu aliye ng'ambo ya barabara. Akataka nyembamba. Uso wa mkewe nikauvuta ujaze karatasi. Akasema niupunguze, pambizo zipumue. Nilijisemea moyoni kwamba majonzi yana mambo yake. Ila kwenye mavazi hakuwa na mchezo. Mara ya mwisho, alisema, alionekana amevaa gauni la kijani, akanipa na ukanda mwembamba wa kitambaa chake ili mstari wa chini ya picha uwe wa rangi hiyo hiyo. Angerudi mchana kuangalia prufu, ile nakala ya kwanza ambayo mteja huikubali kabla sijachapa zote.

Kijani kilinitoa jasho. Rangi ya kwenye kompyuta si ya kwenye karatasi, na kila nilipochapa kilitoka kama majani yaliyopigwa jua. Nikapunguza njano, kikaelekea bluu. Halafu huwezi kulinganisha rangi kwa kijikanda kama utambi. Nikaona nimwombe dada yangu kitambaa kikubwa cha aina ile. Dada ni fundi cherehani. Mlango wangu unaangalia barabara, wake unaangalia kichochoro cha nyuma, na katikati yetu ni pazia tu, jambo ambalo wateja wengi hawalijui.

Nilipolifungua pazia, gauni la kijani lilikuwa chini ya sindano. Halikuwa hata na mikono.

Dada akaniambia mwenyewe ndiye yule, amekuja kujaribu. Mumewe alinunua kitambaa na ana haraka, anataka alivae kesho. Kwenye benchi alikaa mwanamke, blauzi na sketi yake ameziangika msumarini, amejisitiri kwa koti la kazi la dada, lile la bluu. Uso wake nilikuwa nimeushughulikia asubuhi nzima.

Nikaenda kumletea prufu. Aliisoma taratibu mpaka chini. Hakulia. Aliuliza tu kama mumewe yuko karibu, nikamjibu atarudi wakati wowote. Dada alishafungua mlango wa kichochoroni. Mwanamke akatoka vile vile na koti, bila kugeuka.

Nilikuwa sijakaa vizuri kitini mume akaingia. Nikamchapia prufu nyingine, nikijikaza kisabuni, akaiinua kwenye mwanga. Kisha akatazama juu ya bega langu, akatulia. Pazia nilikuwa nimeliacha wazi. Gauni lilikuwa mezani kwa dada, na msumarini blauzi na sketi zilikuwa zinaning'inia.

Hakupandisha sauti. Aliiweka prufu mbele yangu, akaigonga kwa kidole.

"Badilisha hapa pa nguo, kaka. Gauni hili hajalivaa. Nyinyi ndio mmemwona mwisho. Ametoka amevaa nini?"

Ningesema sijui, lakini nguo za mkewe zilikuwa pale, na yeye alikuwa kati yangu na mlango.

"Amechukua koti langu," dada akasema kutoka kwenye cherehani, bila kuinua kichwa. "Jekundu."

Mume akanitazama mimi. Dada yangu hajawahi kuwa na koti jekundu. Nikaandika: amevaa koti jekundu. Vidole vilikosea, nikafuta, nikaandika tena, naye amesimama nyuma yangu akisoma kila herufi.

"Vizuri," akasema. "Sasa ile fonti nene uliyoitaka, irudishe. Na uso uwe mkubwa."