Gauni Lililokataa Mvua

Mwaka 1962 sabuni ilipotea madukani Masisi, na Emérence, mwalimu wa sayansi mwenye diplomu yake, hakuwa mtu wa kungoja. Alipika yake kwa majivu ya maganda ya ndizi na mafuta ya mawese. Siku nne kabla ya harusi ya binti yao Béata, mumewe Straton alileta bidoni iliyojaa mafuta kutoka soko la Sake. Mafuta yake yalikuwa na rangi ya asali.

"Mawese gani haya hayana wekundu?" Emérence aliuliza.

"Watu wa Walikale wanayachemsha mpaka yanapauka, Mama Béata. Ni wewe ulinifundisha."

Kweli, alimfundisha. Akapika sabuni, akafua gauni la harusi, akalisuuza kwa maji ya ndimu kama mama yake alivyofanya, akalianika juani.

Ijumaa Béata aliita kutoka uani. "Mama, kuja uone. Gauni iko inasimama yenyewe."

Lilikuwa limesimama kwenye majani, mikono wazi, kama mgeni anayengoja kiti. Na maji ya sabuni yaliyobaki kwenye beseni yalikuwa yameganda, yakitetemeka kama ugali mbichi.

Emérence alinusa bidoni. Hayakuwa mawese. Yalikuwa abrasini: mafuta ya kupaka milango, yanayokauka yakawa magumu ili mbao zisinywe maji.

"Chembe za sabuni hukusanyika makundi makundi ndani ya maji, kisha huachana," alisema. "Hizi zimeshikana mikono, zimekataa kuachana."

"Kama mimi na Jean-Marie," alisema Béata, akacheka hadi akakaa chini.

"Cheka. Kesho Mama Drocella atakucheka."

Mama Drocella, shangazi wa Jean-Marie, bwana harusi, alikuwa anakuja kutoka Kashebere kukagua kila mshono. Gauni lingine halikuwepo. Wakalifua tena, wakalipiga, Straton akalikalia. Likainuka.

Jumamosi Béata alishuka kilima kwenda kanisani, gauni likikwaruza kama majani makavu ya ndizi, mama yake nyuma ameuma mdomo. Katikati ya njia mvua ikamwagika. Wote walilowa chapachapa, na kilemba cha Mama Drocella kikamwangukia machoni. Juu ya Béata matone yaliteleza na kuruka. Aliingia kanisani mkavu, mweupe, akicheka, na Jean-Marie naye akashindwa kujizuia.

Mama Drocella alilishika gauni, akalifinya, akamsogelea Emérence.

"Mama, mlifua gauni hii na sabuni gani? Ilibaki?"

"Beseni nzima. Lakini usioge nayo."